Oili ya Dakika Kumi na Tano: Makosa Yanayojificha Chini ya Gari

Huduma ya kubadilisha oili kwa haraka ni biashara yenye ahadi moja: mwenye gari anaingia, anasubiri akiwa ndani ya gari au kwenye benchi, na baada ya dakika kumi hadi ishirini anaondoka na oili mpya. Biashara hii ilikomaa Marekani, ambako kampuni ya Jiffy Lube, mojawapo ya zilizoieneza, ilianzishwa mwaka 1971 katika mji wa Ogden, jimbo la Utah. Afrika Mashariki huduma hiyo hupatikana zaidi kwenye vituo vya mafuta, kando ya sehemu za kuoshea magari, na kwenye maduka ya vilainishi yenye shimo au jeki mlangoni. Malipo ya ufundi huwa madogo, na pengine hayapo kabisa endapo oili imenunuliwa hapo hapo. Faida hutokana na oili, filta na nyongeza, na hukua kadiri magari mengi yanavyopita kwa siku moja.

Kazi yenyewe si ngumu. Boliti ya chini ya sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, hufunguliwa, oili chafu hutoka, filta hubadilishwa, boliti hufungwa, oili mpya hujazwa. Hata hivyo kila hatua ina kosa lake, dogo na lisiloonekana kwa anayesubiri juu, na baadhi ya makosa hayo huweza kuua injini kabla gari halijafika nyumbani. Kwenye gereji makini hunaswa wakati wa uhakiki: fundi huwasha injini, huchungulia chini, huzima, husubiri, kisha hupima. Foleni ya magari inapokuwa ndefu, hatua inayokatwa kwanza ni hiyo ya uhakiki, kwa sababu ndiyo rahisi zaidi kurukwa na gari likaondoka kana kwamba kazi imekamilika.

Kwa nini kosa dogo hugharimu injini

Ndani ya injini, krenkishafti huzunguka kwenye beringi mara maelfu kwa dakika. Kinachotenganisha vyuma hivyo ni utando wa oili ulio mwembamba kuliko unywele wa binadamu, na utando huo hubaki mahali pake kwa sababu pampu husukuma oili bila kukoma. Oili pia hupoza pistoni, hubeba masizi hadi kwenye filta na huzuia kutu. Gari dogo kama Toyota Vitz au IST yenye injini ya 1NZ hutumia chini ya lita 4. Likipoteza nusu ya kiasi hicho, pampu huweza kuanza kuvuta hewa gari linapokata kona au kushika breki ghafla. Oili ikiisha, chuma husugua chuma, beringi husagika, na injini hunoki. Tiba yake ni kuifumua injini nzima au kununua nyingine iliyotumika, gharama ambayo ni mara nyingi zaidi ya bei ya oili iliyokuwa ikibadilishwa.

Wengi hutegemea taa nyekundu ya kopo la oili kwenye dashibodi iwape tahadhari. Kwenye magari mengi taa hiyo haipimi kiasi cha oili bali shinikizo lake, na huwaka shinikizo likiwa limeshuka sana. Gari laweza kutembea na upungufu wa lita nzima bila taa kuonyesha chochote. Inapowaka gari likiwa kwenye mwendo, madhara huenda tayari yameanza.

Boliti ya sampo

Sampo za magari mengi ya sasa ni za aluminiamu, ilhali boliti inayoziba tundu lake ni ya chuma kigumu. Watengenezaji hutaja nguvu ya kuikazia. Kwa magari mengi madogo ya Toyota huwa kati ya nyutoni-mita 30 na 40, kiasi ambacho mkono wenye spana ya kawaida hukifikia bila kujikamua. Bunduki ya upepo ya kufungulia nati za tairi huvuka kiwango hicho kwa sekunde moja. Nyuzi za aluminiamu zikikatika, boliti huendelea kushika kwa muda, kisha oili huanza kudondoka, au boliti huchomoka safarini. Mara nyingi gari huondoka likiwa kavu kabisa chini, na uharibifu hugunduliwa na fundi mwingine miezi kadhaa baadaye, wakati aliyeusababisha hawezi tena kutambuliwa.

Kosa la upande wa pili ni kuizungusha boliti kwa vidole kwa nia ya kurudi kuikaza, kisha fundi akaitwa kwenye gari jingine. Lipo pia suala la washa ndogo inayokaa kati ya boliti na sampo. Washa hiyo hutengenezwa ili ibonyee inapokazwa, kwa hiyo inafaa kubadilishwa kila mara. Kwa kuwa bei yake ni ndogo na kuitafuta hupoteza muda, ya zamani hurudishwa. Silikoni au tepu ya mabomba ikionekana kuzunguka boliti, hiyo ni dalili kwamba nyuzi zimeshaharibika na kuna aliyejaribu kuficha.

Filta

Filta ya kopo ina mpira wa mviringo unaoziba mahali inapokutana na injini. Filta ya zamani ikifunguliwa, mpira wake huweza kubaki umegandia kwenye chuma. Filta mpya ikifungwa juu yake, mipira miwili hupandana. Injini ikiwa inanguruma polepole huenda isivuje hata tone. Gari likishika kasi, shinikizo hupanda, mpira mmoja hufyatuka, na oili yote humwagika barabarani kwa dakika chache. Kosa hili huzuiwa kwa kupangusa mahali filta inapokaa na kuangalia mara moja kabla ya kufunga.

Filta ya aina hii hukazwa kwa mkono: baada ya mpira kugusa chuma, huongezwa robo tatu ya mzunguko hivi, kama maelekezo yaliyochapishwa kwenye filta nyingi yanavyosema. Ikilegea huvuja, na ikikazwa kwa nguvu za spana mpira hujikunja. Magari mengine, yakiwemo Toyota kadhaa za injini ya 2ZR, hutumia filta ya karatasi inayokaa ndani ya kikombe chenye mfuniko. Mfuniko huo ukiwa wa plastiki hupasuka kwa urahisi ukikazwa kupita kiasi.

Filta pia ndiyo sehemu rahisi ya kudanganyia. Ya zamani hupanguswa ikang'aa, mteja akatozwa bei ya mpya. Filta bandia nazo zina karatasi dhaifu au hazina vali inayozuia oili kurudi chini injini ikizimwa, na hivyo kila asubuhi injini huwaka ikiwa kavu kwa sekunde kadhaa.

Tundu lisilo lake

Chini ya baadhi ya magari kuna boliti zaidi ya moja zinazofanana. Subaru Forester na Impreza za giaboksi ya otomatiki ndizo mfano unaojulikana zaidi: kuna boliti ya oili ya injini, ya difu ya mbele na ya giaboksi, zote zikiwa karibu karibu. Mfanyakazi aliyezoea Toyota akifungua isiyo sahihi, humwaga oili ya giaboksi au ya difu, kisha hujaza oili mpya juu ya ile ya zamani iliyobaki kwenye injini. Gari hutoka likiwa na giaboksi au difu iliyopungukiwa oili na injini iliyojaa maradufu.

Filta nazo huchanganya. Kwenye injini za Subaru za kizazi cha FB, filta ya oili huonekana juu mara boneti inapofunguliwa, ilhali kwenye injini za EJ zilizotangulia hukaa chini. Baadhi ya Subaru za otomatiki zina pia filta ya giaboksi ya nje inayofanana sana na ya injini. Rangi ya kinachotoka husaidia kutambua kosa mapema. Oili ya injini iliyotumika huwa nyeusi au ya kahawia iliyokolea. Ya giaboksi, kama haijachakaa, huwa nyekundu, ya kijani au ya rangi ya asali. Anayeona kimiminika chenye rangi safi kikitoka kwenye gari lililotembea kilomita elfu tano ana sababu ya kusimamisha kazi.

Kiasi kilichozidi au kupungua

Upungufu wa oili huogopwa na wengi, lakini ziada nayo hudhuru. Kiwango kikipanda sana, krenkishafti huichapa oili ikafanya povu. Pampu husukuma povu badala ya kimiminika, shinikizo huyumba, na sili huanza kuvuja. Chanzo cha ziada mara nyingi ni kopo lenyewe. Injini ya 1NZ huchukua takribani lita 3.7 filta inapobadilishwa, na oili huuzwa kwa makopo ya lita 4. Kumimina kopo zima ni haraka kuliko kupima. Ziada hiyo peke yake ni ndogo. Hugeuka tatizo oili ya zamani inapokuwa haikuachwa itoke yote kwa sababu gari linalofuata linasubiri.

Kupima kwa usahihi huhitaji gari liwe mahali tambarare, injini iwe imewashwa kwa muda mfupi ili filta ijae, kisha izimwe na oili iachwe dakika chache ishuke. Stiki ya kupimia oili ichomolewe, ipanguswe, irudishwe hadi mwisho, ndipo isomwe. Kwenye magari mengi madogo, umbali kati ya alama ya chini na ya juu hukaribia lita moja. Stiki iliyosomwa kabla injini haijawashwa hutoa jibu la uongo, kwa kuwa filta mpya bado ni tupu.

Oili isiyolingana na injini

Magari mengi ya Afrika Mashariki huja yakiwa yametumika Japani, na vitabu vyake, vikiwepo, vimeandikwa Kijapani. Mwenye gari hajui oili iliyopendekezwa, na anayemhudumia humimina ile anayoiuza kwa wingi. Namba kama 5W-30 zina maana mahususi. Ya kwanza, pamoja na herufi W, huonyesha jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Ya pili huonyesha uzito wake kwenye nyuzijoto 100 za Selsiasi. Injini iliyoundwa kwa 0W-20 au 5W-30 ina njia nyembamba za oili, na mfumo wake wa kubadilisha muda wa vali huendeshwa kwa shinikizo la oili hiyo hiyo. Ikipewa 20W-50, oili huchelewa kufika juu wakati wa kuwasha, na ulaji wa petroli huongezeka.

Hoja inayotolewa mara nyingi ni kwamba nchi za joto zinahitaji oili nzito. Ukweli ni kwamba injini iliyopata moto hutunzwa na thamostati kwenye karibu nyuzijoto 90, iwe Tokyo au Tanga. Vitabu vya magari mengi vina jedwali la daraja zinazoruhusiwa kwa hali ya hewa mbalimbali, na jedwali hilo ndilo la kufuatwa. Daraja linalopendekezwa huandikwa pia kwenye mfuniko wa kujazia oili wa magari kadhaa.

Baada ya uzito, kuna ubora. Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, hupanga oili za injini za petroli kwa herufi zinazoanza na S na za dizeli kwa herufi C. Daraja la SP lilianza kutumika mwaka 2020, na SN lilitangulia mwaka 2010. Kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele katika alfabeti, ndivyo daraja la petroli lilivyo jipya. Magari ya dizeli yenye kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi, kama Mazda CX-5 za SkyActiv-D zilizoenea Kenya, huhitaji oili yenye majivu machache. Oili ya kawaida ya malori huacha majivu ambayo kichujio hakiwezi kuyachoma, na baada ya muda huziba. Kosa la aina hii halionyeshi dalili siku hiyo wala mwezi huo.

Oili bandia na ya pipa

Oili bandia ni tatizo ambalo Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, hupambana nalo pamoja na vyombo vinavyoshughulikia bidhaa bandia. Njia mojawapo ya kuitengeneza ni kuchuja oili chafu, kuitia rangi, na kuijaza kwenye makopo halisi yaliyookotwa. Kwa hiyo kopo lenye nembo sahihi si ushahidi wa kutosha. Kinachofaa kuangaliwa ni kama pete ya mfuniko haijakatwa, kama kuna lakiri chini yake, na kama namba ya toleo kwenye kopo inasomeka vizuri. Makopo matupu yatobolewe au yakatwe kabla ya kutupwa, yasirudi sokoni. Oili ya kupimwa kutoka kwenye pipa huweza kuwa halali na bora, ila mteja hana namna ya kujua kilichomo. Rangi, harufu na utelezi wa vidoleni havithibitishi kitu.

Nyongeza zinazouzwa shimoni

Kwa kuwa kubadilisha oili pekee huleta faida ndogo, mfanyakazi huhimizwa kuuza zaidi. Mteja huonyeshwa kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, ambacho huenda si cha gari lake. Hushauriwa kuosha injini kwa dawa kabla ya kumwaga oili. Injini iliyobadilishwa oili kwa wakati haihitaji dawa hiyo, na ile iliyotelekezwa huweza kudhurika nayo: tope lililoganda likibanduka kwa mkupuo huziba chujio la pampu.

Hatari zaidi ni kubadilisha hidroliki ya giaboksi papo kwa papo. Toyota nyingi za otomatiki hutumia aina ya WS, na giaboksi za CVT zina vimiminika vyake maalumu. Kuchanganya aina hizo na hidroliki ya kawaida huharibu kifaa cha bei kubwa kuliko vyote baada ya injini. Tena, kiwango cha giaboksi nyingi za sasa hupimwa kwenye joto maalumu gari likiwa limenyanyuliwa sawasawa, kazi isiyoendana na dakika kumi na tano.

Kibandiko cha tarehe ya kurudi nacho ni chombo cha biashara. Nchini Marekani vibandiko vilishikilia maili 3,000, yaani karibu kilomita 4,800, muda mrefu baada ya watengenezaji wengi kuongeza kipindi hicho. Jimbo la California, kupitia idara yake ya urejelezaji taka, CalRecycle, liliendesha kampeni kuwataka wananchi wafuate kitabu cha gari. Afrika Mashariki hesabu ina tofauti yake: vumbi, foleni na safari fupi huhesabiwa kuwa matumizi magumu, na kilomita 5,000 kwa oili ya kawaida ni kipindi cha busara. Kibandiko kinachosema kilomita 3,000 kwa oili ya sintetiki kinastahili kuulizwa sababu.

Kumbukumbu na madai

Sheria ya Marekani ya mwaka 1975 inayojulikana kama Magnuson-Moss humzuia mtengenezaji kufuta dhamana kwa sababu tu gari lilihudumiwa nje ya wakala wake. Mwenye gari bado hutakiwa kuonyesha kwamba huduma ilifanyika. Kwingineko masharti hutegemea mkataba wa dhamana, na mwenye gari jipya anapaswa kuusoma kabla ya kwenda kituo cha haraka. Kwa gari lililotumika, ambalo kwa kawaida halina dhamana, risiti ndiyo msingi mkuu wa kulidai duka lililofanya kosa. Risiti inayofaa hutaja tarehe, namba ya gari, kilomita zilizosomwa, jina na daraja la oili, idadi ya lita na aina ya filta. Maneno "oili na filta" peke yake hayathibitishi lolote.

Kuchagua na kuhakiki

Haya yote hayana maana kwamba kila kituo cha haraka ni kibaya au kila gereji ni salama. Makosa hayo hayo hutokea hata kwa mawakala wakubwa. Kituo kinachouza oili nyingi huwa na bidhaa isiyokaa muda mrefu rafuni, na mfanyakazi anayerudia kazi moja kila siku huweza kuimudu vizuri. Kituo cha kuaminiwa huuliza aina ya injini, hufungua kopo mbele ya mteja, hutumia spana yenye kipimo, huonyesha filta ya zamani, na hukusanya oili chafu kwenye pipa la kupelekwa kunakohusika badala ya kuimwaga mtaroni.

Mwenye gari naye ana sehemu yake, na haihitaji ufundi. Kabla ya kwenda, ajue daraja la oili, idadi ya lita na namba ya filta ya gari lake. Wakati wa kazi, asimame mahali anapoona kinachomwagwa na kinachojazwa, na aombe kopo na filta ya zamani. Kabla ya kulipa, injini iwashwe kwa dakika moja hivi huku mtu akichungulia chini, izimwe, na stiki isomwe baada ya dakika chache. Asubuhi inayofuata aangalie sakafu ilipolala gari, na apime tena baada ya kilomita 50 hadi 100, muda ambao filta au boliti iliyofungwa vibaya mara nyingi huwa imeshaanza kujionyesha.

Taa nyekundu ya oili ikiwaka safarini, gari lisogezwe kando na injini izimwe mara moja, hata kama nyumbani ni kilomita moja tu mbele. Kuongeza oili na kuendelea kabla ya kujua ilikotokea ile ya kwanza ni kuipoteza na ya pili. Gari livutwe, lipigwe picha chini na kwenye stiki kabla ya kuguswa na fundi mwingine, na kituo kilichofanya kazi kijulishwe siku hiyo hiyo kwa maandishi, risiti ikiambatanishwa.